Kufuata Betri Iliyokufa: Kutoka Mbita Hadi Mikindani

Jumatatu, Mbita

Nimeanzia huku Ziwa Victoria kwa sababu sijui mahali pengine nchini Kenya ambapo sola imegeuza kazi ya usiku kama hapa. Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, na wavuvi hukaa ufuoni wakishona nyavu. Zikiingia siku za giza, mashua hutoka jioni na taa zinazoelea juu ya maji, na kutoka ufuoni unaziona zimetapakaa hadi upande wa Rusinga. Zamani zilikuwa karabai. Mvuvi alinunua mafuta ya taa kila usiku, apate asipate, na moshi ukawa wake. Leo wengi wana taa za LED zenye betri, zinazochajiwa mchana kwa paneli na kurudi kazini jua likizama. Mtu asisome haya hadi mwisho akadhani naipinga sola. Naipenda, na nimeiona ikiwatoa watu katika gharama iliyowala miaka mingi. Nilichokuja kuuliza ni betri ikifa inakwenda wapi.

Fundi wa ufuoni ni mzee ambaye zamani alikuwa akiuza hayo hayo mafuta ya taa. Kila mtu anamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kiluo, nami nikamwita hivyo. Kibanda chake ni mabati na meza ya mbao, na juu ya meza pana mita ya kupimia volti, waya za kila rangi na chupa za maji ya betri. Nyuma ya kibanda ndiko nilikotaka kufika. Betri nyeusi za volti 12 zimepangwa zikiegemeana, nyingine zimevimba mbavu.

"Hizi hazikufa kwa uzee, nyathina," akaniambia, yaani mwanangu. "Zimeuawa."

Akanieleza zinavyouawa. Betri ya asidi haitaki kukamuliwa yote. Mvuvi akiiacha taa iwake hadi ififie yenyewe, na asubuhi mawingu yakatanda, betri hushinda ikiwa tupu, na salfeti ya risasi, ile metali nzito ya kijivu, huganda juu ya sahani za ndani kiasi kwamba haitoki tena. Kisha mwenyewe huona maji yamepungua. Badala ya kuongeza maji yaliyokenekwa anaongeza asidi, au anachota ya ziwani. Betri ambayo ingemfaa miaka minne inamfia mapema, na deni la kuinunua bado hajalimaliza.

Ikishakufa, huja mnunuzi wa mjini na pikapu na mizani. Hununua kwa kilo, maana zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya aina hii ni risasi. Lakini kabla ya kupima, anataka maji yamwagwe. "Anasema hajaja kununua maji," Jaduong' akasema. Kwa hiyo humwagwa hapo hapo nyuma ya kibanda. Nayo si maji, ni asidi ya salfa iliyobeba chembe za risasi kutoka kwenye sahani. Pale panapomwagwa udongo umepauka na hapaoti nyasi. Mteremko unaelekea ziwani, na upande wa chini akina mama walikuwa wameanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani.

Nilimwuliza kwa nini asikatae. Akanijibu kwa upole kwamba mnunuzi ni huyo huyo mmoja, na betri zikirundikana hapo watoto watazifanya za kuchezea. Sikuwa na la kumjibu.

Jumanne, Luanda K'Otieno hadi Kisumu

Feri ya asubuhi ilijaa mahindi, pikipiki na wanafunzi. Ng'ambo nikapanda matatu, na mchana ulinikuta Kisumu kwa mfanyabiashara wa skrepu karibu na soko la Kibuye. Ni mtu mkarimu, na alikuwa na mengi ya kusema kuhusu kazi ambayo hakuna anayemwuliza.

Betri za risasi zilizotoka mwambao wote wa ziwa hukusanyika kwake, akazipanga hadi zikatosha lori la Nairobi. Zote zilikuwa kavu. Kando, karibu na choo, palikuwa na gunia lililofungwa mdomo. Humo mlikuwa na betri za lithiamu za taa na vifaa vidogo vya sola vya nyumbani.

Hili linahitaji maelezo. Vifaa vingi vipya vya sola vya nyumbani havitumii risasi tena. Vinatumia lithiamu, na nyingi kati ya betri hizo ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, zisizo na kobalti. Zinadumu zaidi, ni nyepesi, na hazina ile sumu ya risasi inayotafuna akili za watoto. Ningekuwa na uwezo ningebadilisha kila betri ya ufuo wa Mbita kesho. Ila zikifa hazina mnunuzi, kwa kuwa ndani yake hakuna kitu ambacho mtu wa skrepu anaweza kukitoa kwa nyundo akakiuza.

"Naletewa na watu wanaodhani ni mali," akasema. "Nazipokea ili wasinichukie. Nikizitupa jaani, gari likazikanyaga, zinashika moto."

Basi risasi ina bei, ndiyo maana itatoka Mbita ivuke nchi nzima, ikiacha sumu kidogo kila inaposhushwa. Lithiamu haina bei, ndiyo maana imelala kando ya choo Kibuye. Mzigo huu unaongozwa na bei yake kwa kilo, na hatari yake haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Jumatano, barabarani

Basi la Nairobi, mvua Kericho, chai na mahindi ya kuchoma Nakuru. Siku ya kukaa tu.

Tulipopita Naivasha niliwaza jinsi nchi hii ilivyo na bahati. Upande wa pili wa Ziwa Naivasha ndiko Olkaria, kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini. Kule kaskazini karibu na Turkana kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Sehemu kubwa ya stima yetu haitokani na makaa ya mawe wala mafuta. Lakini nguzo za stima hazifiki kila boma. Mahali zisipofika, watu wamejinunulia nuru wenyewe, wengi kwa kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa kila siku.

Na mfumo huo wa malipo ndio unaonifanya nikatae kisingizio kimoja ninachokisikia mara kwa mara, kwamba taka hizi zimetawanyika vijijini na haiwezekani kuzifuatilia. Kampuni inayouza kwa mkopo ina namba ya simu ya kila mteja. Inajua kifaa kipi kiko kwa nani, na akichelewesha malipo inakizima ikiwa Nairobi. Anayeweza kuizima taa ya mama wa Suba kutoka ghorofani hawezi kudai kwamba hajui pa kuifuata ikifa.

Alhamisi, Dandora

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na ilipofika 2001 lilikuwa limekwisha kutangazwa kuwa limejaa. Malori hayajaacha kuingia. Chini yake Mto Nairobi unapita, na ng'ambo ya mto ni Korogocho. Harufu na moshi wameshaviandika wengi. Mimi niliwafuata watu wanaochambua, kwa sababu bila wao Nairobi isingekuwa na urejelezaji wa kuitwa urejelezaji.

Mama mmoja mwenye mizani alinipokea vizuri baada ya kujulishwa na kiongozi wa kikundi chao. Alinionyesha kila mzigo ulipo: chupa za plastiki zimetengwa kwa rangi, mifupa, makopo, karatasi, vyuma, nywele za bandia. Anajua bei ya kila kimoja na anajua kiwanda gani kimeacha kununua nini tangu wiki jana. Hiyo ni elimu, na ingefaa iwe na kiti katika kila kikao cha kupanga taka za mji.

Nikamwuliza kuhusu sola. Akanipeleka kwenye rundo la paneli ndogo, zile za juu ya paa la kibanda. Fremu za alumini zilishang'olewa na kuuzwa. Waya ulishakatwa, na nyuma ya rundo paliungua moto mdogo mweusi wa kuchoma plastiki ili shaba ibaki. Kilichobaki ni kioo kilichopasuka kikiwa kimeshikana na seli na plastiki ya nyuma, kitu kimoja kisichobanduka. Hicho hakiendi popote.

Nilichokikuta mita chache kutoka hapo kilinifurahisha kuliko chochote cha wiki hii. Kijana ana meza chini ya turubai, na kazi yake ni kupasua taa za sola na betri za kompyuta kuukuu, kutoa seli za lithiamu moja moja, kuzipima volti, kuziacha usiku na kuzipima tena asubuhi. Ile inayoshuka anaitenga. Zile zinazoshikilia anazipanga zilizo sawa pamoja na kutengeneza tochi na taa za vibanda. Hakufundishwa shuleni. Alinieleza kwamba seli moja dhaifu ndiyo huua betri nzima, wenzake wakiwa bado wazima, kwa hiyo anayetupa betri yote anatupa na uhai.

Nilipomwuliza anakosa nini, hakutaja pesa. Alitaka mashine ndogo ya kuunganishia seli bila kuzichoma, na mtu wa kumchukulia zile zilizokufa kabisa. Ana ndoo zake chini ya meza, na anaziogopa.

Ijumaa, karakana ya Nairobi

Leo nimeshinda katika karakana yenye leseni inayopokea taka za elektroniki. Sakafu ya saruji, glavu, barakoa, mapipa yenye majina. Fundi alinipasulia paneli moja kubwa ili nione.

Fremu ya alumini ilitoka kwa dakika chache, na kile kisanduku cha nyaya cha mgongoni pia. Halafu kazi ikasimama. Karibu robo tatu ya uzito wa paneli ya silikoni ni kioo, lakini kioo hicho kimebandikwa kwa tabaka la plastiki inayoitwa EVA, ambayo imewekwa makusudi isiachie kwa miaka 25 ya jua na mvua. Ndani yake kuna seli za silikoni, nyuzi za shaba, fedha kidogo sana, na mara nyingi risasi kidogo kwenye lehemu. Ili uvipate lazima uichome EVA kwa joto kali au uikate kwa kisu cha moto, kisha utumie kemikali. Ulaya iliziingiza paneli katika sheria yake ya taka za elektroniki mwaka 2012, na mwaka 2018 kiwanda cha kazi hiyo kikafunguliwa Rousset, kusini mwa Ufaransa. Hapa karakana inatoa alumini na shaba, inaviweka vioo stoo, na inangoja.

Tukapiga hesabu pamoja. Mtambo wa sola wa Garissa, wa megawati 54 na ushei, ulizinduliwa mwaka 2019 ukiwa na paneli zaidi ya 206,000. Ukizichukulia kilo 18 kila moja, ni karibu tani 3,700 zitakazoshuka siku moja kutoka kwenye mtambo mmoja. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilikadiria mwaka 2016 kwamba kufikia 2050 dunia itakuwa na taka za paneli zinazoweza kufika tani milioni 78. Kwa Garissa muda bado upo. Paneli hizo zitafanya kazi hadi miaka ya 2040, na zitakuwa mahali pamoja, na mwenyewe anajulikana. Ndiyo maana paneli, pamoja na ukubwa wake wote, hainikoseshi usingizi kama ile betri ya Mbita, ambayo imekufa mwaka huu na maji yake yameshamwagwa.

Msimamizi wa karakana alinieleza shida yake, na nadhani hapa ndipo kiini cha safari yote kilipo. Betri za risasi hazimfikii kwa sababu mtu wa skrepu analipa taslimu. Zile za lithiamu na paneli, ambazo angezipokea, hana budi kumtoza anayezileta, maana kuzichambua na kuzisafirisha nje ni gharama. Nani atoke Kisumu na gunia la betri alipe nauli, kisha alipie na kutupa?

Jibu liko kwenye sheria tayari. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, na kanuni zake za mwaka 2024, zinamtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini abebe gharama ya kuikusanya na kuitengua ikiisha kazi. Kwa lugha ya ufuoni: aliyeleta taa alipie safari yake ya mwisho. Pesa hiyo ikitoka kwa kweli, gunia la Kibuye litapata bei. Betri ya Jaduong' inaweza kununuliwa kwa kiasi kile kile ikiwa na maji yake ndani, na fidia ya uzito ikalipwa na mwagizaji. Mashine haziko mbali. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa nauli.

Jumamosi, treni ya Mombasa

Nilipanda SGR Syokimau, na kuanzia Mtito Andei nikawa naangalia Tsavo nyekundu ikipita.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327. Ni joto dogo, jiko la makaa lenye feni linalifikia, na ndiyo sababu mtu yeyote anaweza kuyeyusha betri uani. Mvuke na vumbi lake hutua kwenye paa, kwenye tangi la maji, kwenye nguo za mfanyakazi anayerudi nyumbani kubeba mtoto. Mwili wa mtoto huichukua risasi kana kwamba ni kalsiamu, ukaiweka mifupani. Hushusha uwezo wa kujifunza, huleta degedege, na kwa wingi huua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Treni ikasimama Miritini jioni. Nyumbani kwetu ni Mombasa, na kutoka stesheni hiyo hadi mahali risasi ilipoua watu wetu si mbali.

Jumapili, Owino Uhuru

Owino Uhuru ni kijiji cha nyumba za mabati na udongo huko Mikindani, chenye wakazi wapatao 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulitoka usiku, maji machafu yakapita katikati ya vichochoro. Wanawake waliharibikiwa mimba, watoto wakaugua, kuku wakafa.

Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu yake. Badala ya kunyamaza alianza kugonga milango ya ofisi, akakamatwa, akatishwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Wakazi wakaenda mahakamani. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Nilikaa na bibi mmoja kibarazani kwake, tukanywa kahawa. Hakutaka tuzungumze juu ya mahakama. Alitaka kujua kwa nini mjukuu wake, aliyezaliwa kiwanda kikiwa kimeshafungwa, naye anasahau masomo. Nikamweleza ninachokijua: risasi haiozi, haichukuliwi na mvua ikaisha, hukaa kwenye vumbi la mlango miaka na miaka, na mtoto huiokota kwa vidole. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, tukifagia inatoka au tunaipeperusha?" Nikamwambia afagie kwa kunyunyiza maji, apanguse sakafu kwa kitambaa kibichi, watoto wanawe mikono kabla ya kula. Nilisema hivyo nikiwa na uchungu, kwa sababu anayepaswa kuusafisha udongo huo si bibi wa umri wake na ndoo.

Kwenye mapaa ya kijiji hicho kuna paneli ndogo. Watu hawa, walioumizwa na betri kuliko Wakenya wengine wote, bado wanahitaji betri.

Jumatatu, Mikindani

Karibu na stendi ya matatu kuna duka la vipuri na betri. Mwenyewe amekulia hapa, na alizika jamaa katika miaka ile. Anauza betri mpya, na ukimletea kuukuu anakupunguzia bei. Ila ana sharti ambalo sikulikuta mahali pengine popote njiani: betri iliyomwagwa maji haipokei. Ukiileta kavu anakuuliza umemwaga wapi.

Alinipeleka stoo. Betri zimesimama wima juu ya mbao, vifuniko vimekazwa, kila iliyopasuka imewekwa ndani ya karai la plastiki. Mlangoni kuna ndoo ya magadi, asidi ikivuja anainyunyizia hadi iache kutoa povu. Amemkataza kijana wake kwenda nyumbani na nguo za kazini.

Kinachomsumbua ni pikapu inayokuja kuzichukua. Naye anaambiwa zimwagwe kwanza. Anakataa, na kwa kukataa anakatwa uzito, kwa hiyo hasara ya usalama wa mtaa mzima inatoka kwenye droo yake. Na zikishapakiwa hajui zinayeyushwa wapi. Huenda ni kwenye kiwanda chenye vichujio, huenda ni kwenye ua wa mtu pembeni mwa kijiji kingine.

Tumemwandikia muuzaji wake wa jumla barua leo, pale pale kaunta. Tumeitaja sheria ya 2022 na kanuni za 2024, na kuomba mambo mawili: betri zipimwe zikiwa na maji yake bila kukatwa, na kila shehena irudishiwe risiti yenye jina la mahali ilipoyeyushwa. Ameigonga muhuri wa duka, nakala moja nimeichukua. Nikitoka hapa naipiga picha nimtumie Jaduong', na Jumatano nairudisha njia niliyojia, hadi kwa yule wa Kibuye, nione kama naye ataitia muhuri wake.